Kisanduku Kimoja Kwenye Fomu Nusura Kitunyime Bahari

Mume wangu ametafuta maji kwa miaka thelathini na mbili. Alikuwa fundi wa mitambo ya kuchimba visima, na sidhani kama kuna tarafa ya Ugogo ambayo hajawahi kulala akisubiri maji yatoke ardhini. Mtu wa namna hiyo ukimwambia unataka kumpeleka mahali ambapo atashinda kutwa haoni kitu ila maji, anakuangalia kama una homa. "Mwalimu," aliniambia, "mji wetu wenyewe umepewa jina kwa ajili ya tembo aliyezama. Sasa na sisi tuende tukazame?" Kwa msio wa huku: wazee wa Kigogo husimulia kwamba Dodoma ni pale tembo alipodidimia kwenye matope, na watoto wa hapa tumekua na hadithi hiyo.

Kilichomlainisha ni Biblia, wala si mimi. Ndoa yetu ilikuwa inatimiza miaka 30 mwezi Septemba 2025, wote tumestaafu, watoto wanajitegemea, na mimi nimefundisha ramani za bahari miaka 31 bila kupanda chombo kikubwa kuliko boti ya Zanzibar. Nikamwonyesha njia ya meli ya kitalii niliyoiona: inatoka Civitavecchia, bandari ya jirani na Roma, inakwenda Santorini, halafu Kuşadası nchini Uturuki, ambako abiria hushuka kwenda magofu ya Efeso, halafu Mykonos, Napoli, na kurudi. Usiku saba. Mzee hakujibu. Jioni nikamkuta barazani na miwani yake, anasoma Matendo ya Mitume sura ya 19, habari za Paulo kule Efeso. Nikajua nimeshinda.

Tangazo lilisema dola 639. Nikapiga hesabu kichwani, mara mbili, nikajumlisha ndege, nikamwambia Mzee milioni tisa zinatosha. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Bei ya tangazo ni ya mtu mmoja, katika chumba cha watu wawili, na haina kodi za bandari. Tulipofika kwenye kulipa ilikuwa dola 1,640 kwa sisi wawili, chumba cha ndani kisicho na dirisha. Tena kampuni ilitaka malipo yote yakamilike miezi mitatu kabla ya safari, kipindi ambacho viza hatujaiomba hata. Kulikuwa na aina mbili za tiketi, moja unarudishiwa amana ukighairi na nyingine hurudishiwi. Tofauti yake ilikuwa kama dola 90. Tukachukua ya bei rahisi. Kama hujawahi kupata viza ya Ulaya maishani mwako, tafadhali usifanye hivyo. Dola 90 ni bei ya usingizi.

Fedha zenyewe zilitoka kwenye kiinua mgongo changu na shamba letu la zabibu la Hombolo. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na wanunuzi wengi hulipa taslimu. Hapo ndipo binti yetu alipotuokoa. Tangu Februari alitusisitiza kila senti ya zabibu ipite benki, hata kama tutaitoa kesho yake, kwa sababu ubalozi unataka kuona fedha zinaingia na kutoka kwa miezi kadhaa. Kuna kijana alitushauri tukope milioni kumi kwa jamaa, tuziweke kwenye akaunti wiki moja, tuchapishe taarifa ya benki, kisha tuzirudishe. Msikubali. Mtu anayesoma taarifa za benki kila siku ataona mlima uliochipuka jana usiku.

Sasa nije kwenye viza, maana hapo ndipo nilipolia.

Kwa kuwa tungekaa Italia siku nyingi kuliko kwingine, tuliombea Italia. Ukienda nchi kadhaa za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, unaomba kwenye nchi utakayokaa zaidi. Zikilingana, ile utakayoingilia kwanza. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na juu yake kuna gharama ya kituo kinachopokea maombi. Bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000 za matibabu. Tuliambatanisha cheti cha ndoa, hati ya kiwanja, barua ya pensheni, tiketi za ndege, na uthibitisho wa meli. Kuna ofisi ya safari hapa mjini ilitujazia fomu kwa shilingi laki moja na nusu. Kijana alikuwa mchangamfu, akatuletea soda, akatuonyesha pa kusaini. Tukasaini. Mimi, niliyesahihisha mitihani miaka 31, niliyewachapa watoto wa watu kwa kutosoma swali, nilisaini kurasa nne bila kuzisoma.

Tukapanda SGR kwenda Dar es Salaam kutoa alama za vidole. Treni hiyo imetubadilishia maisha watu wa Dodoma: elfu 31 daraja la kawaida, na unafika kabla mguu haujafa ganzi. Viza zikatoka baada ya siku kumi na mbili. Tukashangilia, tukala chipsi kuku, tukarudi.

Usiku ule Mzee hakuwa na usingizi. Akachukua pasipoti yake akawa anaipitia kwa tochi ya simu kama anavyokagua mashine. Akaniamsha. "Mwalimu, hapa pameandikwa 01. Sifuri moja ni nini?" Nikamwambia ni namba tu, alale. Akasema mashine haiandikwi namba tu.

Ile 01 ni idadi ya mara unazoruhusiwa kuingia eneo la Schengen. Mara moja. Meli yetu ingetoka Italia, ipite Ugiriki, iende Uturuki ambayo haimo ndani ya Schengen, kisha irudi Ugiriki na Italia. Kuingia mara ya kwanza Roma, kutoka kwenda Kuşadası, na kuingia tena. Mara mbili. Kwa viza ile, kampuni ya meli ingetukatalia kule kule bandarini Civitavecchia, kwa sababu hawampakii mtu ambaye hataruhusiwa kurudi. Uturuki kwenyewe hakukuwa na shida, maana sheria yao inawaruhusu abiria wa meli za kitalii kushuka na kutembea karibu na bandari bila viza, mradi wasizidishe saa 72. Shida ilikuwa njia ya kurudi. Kwenye fomu palikuwa na visanduku vya kuchagua mara moja, mara mbili, au mara nyingi. Yule kijana mchangamfu alitia alama kwenye cha kwanza, kwa wote wawili. Nilipomfuata aliniambia, "Mama, wengi huwa wanaenda mara moja tu."

Zilibaki siku 26. Siwezi kueleza vizuri wiki zile. Tuligombana, tena ugomvi wa kweli, wa kulala mmoja sebuleni. Mzee alisema ndiyo maana hakutaka tangu mwanzo. Mimi nikasema mambo kuhusu visima ambayo hayakuhusiana kabisa. Tukaambiwa tuombe upya, tueleze kwa barua kwa nini tunahitaji kuingia zaidi ya mara moja, tuambatanishe ratiba ya meli. Ada mpya, treni tena, kulala kwa dada yangu Mbagala tena. Barua niliiandika mwenyewe, nikapigia mstari kila tarehe na kila bandari. Viza ya pili ilitoka zikiwa zimebaki siku tisa. Safari hii pameandikwa MULT, yaani mara nyingi. Sikuondoka dirishani kabla sijaisoma zote mbili kwa sauti, na yule dada wa kaunta akacheka.

Ndege ilikuwa ya usiku na sina mengi ya kusema juu yake, ila koti la mvua la Mzee lilikuwa na kisu cha kuchongea miti mfukoni na tukakiacha uwanjani Dar. Shida ilitungoja Roma. Mkanda wa mizigo ulizunguka hadi ukabaki mtupu. Begi langu lilikuja, la Mzee lilibaki kwenye uwanja wa kuunganishia. Na ndani ya begi hilo ndimo nilimoweka dawa zake za presha, zote, nimezifunga vizuri ndani ya soksi zisivunjike. Kila nikikumbuka ule uangalifu wangu najichukia.

Tulifanya jambo moja sahihi: hatukutoka ukumbini. Ndani ya ukumbi wa mizigo kuna dawati la mizigo iliyopotea, unaandikisha, unapewa karatasi yenye namba. Ukitoka bila karatasi hiyo, kazi ya kudai inakuwa ngumu maradufu. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Italia zote zimo, unakupa haki ya kudai gharama za lazima begi likichelewa, na dai la maandishi linatakiwa ndani ya siku 21 tangu ulipopewa begi. Tukatunza risiti za nguo za ndani na shati moja. Zilirudi euro 96, wiki saba baadaye.

Dawa ilikuwa habari nyingine. Duka la kwanza walikataa bila cheti cha daktari. Binti yetu alikuwa na picha ya cheti hicho kwenye simu, akatutumia kwa WhatsApp, duka la pili wakatuuzia pakiti moja. Tangu hapo dawa zetu tunasafiri nazo mkononi, na cheti kimepigwa picha kwenye simu zote mbili.

Kilichotuokoa ni kwamba tulifika Roma siku mbili kabla ya meli. Nilikuwa nimenung'unikia gharama ya hoteli, lakini begi lilifika jioni ya mkesha wa kupanda. Tungefika siku ile ile, meli ingeondoka na begi lingekuwa linatufukuza baharini. Katikati ya kusubiri tulikwenda kanisa la Mtakatifu Paulo nje ya kuta za Roma, linalosemekana kuwa na kaburi lake, na Mzee alikaa pale saa nzima bila kusema.

Kwenda bandarini tulipanda treni ya kawaida, mwendo wa zaidi ya saa moja hivi, tiketi haifiki euro tano. Watu walituambia teksi ni euro 150. Kutoka stesheni kuna basi hadi kituo kinachoitwa Largo della Pace, hapo unapanda basi jingine hadi kwenye meli. Ukiwa na mabegi makubwa ni taabu kidogo, ila tofauti ya bei inakusaidia kubeba.

Meli ile usiifikirie kama boti ya Zanzibar iliyokua. Ni kama jengo la ghorofa la Mji wa Serikali Mtumba limewekwa injini. Kabla ya kuondoka kila abiria lazima ahudhurie zoezi la dharura, aoneshwe boya lake la kuvaa na mahali pa kukusanyikia. Wengi walikuwa wanaangalia simu. Mzee alisimama mbele kabisa, akauliza maswali matatu kupitia kwangu. Januari 2012 meli iitwayo Costa Concordia iliondoka bandari hiyo hiyo, ikagonga mwamba kisiwani Giglio usiku uleule, watu 32 wakafa, na wengi wa waliopanda jioni ile walikuwa hawajafanya zoezi. Sisi wenye kumbukumbu ya kuzama kwa MV Bukoba hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Na huyo mwoga wa maji? Alilala kama mtoto. Aliyeugua ni mimi. Asubuhi ya pili tulipita mlangobahari wa Messina, Mzee akanivuta hadi juu anionyeshe upande ilipo Regio, alikopita Paulo katika Matendo 28, nikaitazama huku nimeshikilia reli kwa mikono miwili. Baada ya hapo bahari ikafunguka na tumbo langu likafunguka nayo. Nilikwenda zahanati ya meli, nikachomwa sindano, nikapewa bili ya dola 148. Kumbe vidonge vya kichefuchefu vinauzwa Dodoma kwa bei ya chai na maandazi, na vinatakiwa kumezwa kabla hujaanza kuumwa. Madai ya bima niliyapeleka na risiti. Hadi leo nafuatilia.

Aliyenifundisha zaidi kuhusu meli ni kijana wa Mombasa aliyekuwa anasafisha vyumba vya korido yetu. Aliona kitenge changu kwenye kiti, akasema, "Shikamoo mama," na mimi nikasahau kichefuchefu. Yeye ndiye alinieleza kwamba kufua kwa kipande kunafilisi, tufue wenyewe bafuni. Kwamba kifurushi cha vinywaji hakitufai wazee wawili wa chai. Kwamba intaneti tununue ya simu moja tu, tubadilishane. Na kwamba bahshishi, dola 18 kwa kila mtu kila siku, inakatwa yenyewe kwenye akaunti, kwa hiyo nisishangae siku ya mwisho. Piga hesabu: dola 252 ambazo hazikuwa kwenye tangazo. Nilitaka kulalamika, nikamwangalia yeye na ndoo yake, nikanyamaza.

Chakula kipo asubuhi hadi usiku, cha kila namna, na siku ya nne Mzee alikuwa anaota ugali wa uwele na mlenda.

Santorini tulichelewa kushuka kwa uzembe. Saa za Ugiriki majira ya joto ni sawa na zetu, saa moja mbele ya Italia, lakini simu zetu zilikuwa kwenye hali ya ndege zikabaki na saa za Roma. Meli haifungwi gatini pale, inatia nanga, na unapelekwa ufukweni kwa boti ndogo kwa zamu. Zamu yetu ilishapita. Halafu juu ya mwamba unapanda kwa gari la kamba, au punda, au ngazi zaidi ya 500. Foleni ya kamba ilitumeza saa moja na nusu. Tukaona kuta nyeupe, tukapiga picha, tukarudi. Kumbe mwaka ule Ugiriki ilianza kutoza abiria wa meli euro 20 kila mtu kwa kushuka Santorini wakati wa msimu mkuu, na hiyo nayo ikaja kwenye bili. Mtazame saa ya meli, iliyoko kwenye televisheni ya chumbani, si ya simu.

Efeso sitaiharakisha. Tulichukua ziara ya meli yenyewe, euro 85 kila mtu, ingawa nje ya lango kulikuwa na madereva wa bei nusu. Sababu ni moja: basi la ziara ya meli likiharibika, meli inasubiri. La kwako likiharibika, unabaki Uturuki na kitenge chako. Magofu yenyewe kiingilio chake ni kama euro 40, kwa hiyo ile bei haikuwa wizi kama nilivyodhani.

Tuliteremka barabara ya marumaru iliyosuguliwa na miguu ya watu wa kale hadi inateleza, tukapita maktaba ya Celsus, tukafika kwenye ukumbi mkubwa wa michezo wanaosema uliweza kuchukua watu 25,000 hivi. Ndimo walimokusanyika wale mafundi wa Demetrio mfua fedha wa Matendo 19, wakimsifu mungu wao wa kike kwa kelele za saa mbili, Artemi wa Waefeso ni mkuu. Mzee alikaa kwenye ngazi za mawe. Nikadhani anasali. Akaniuliza, "Bandari iko wapi?" Mwongoza wageni akaeleza kwamba hapo zamani maji yalifika karibu na mwisho wa ile barabara tuliyoiona, lakini mto ulileta tope mwaka hadi mwaka, bandari ikajaa, bahari ikasogea kilomita kadhaa, na mji ukafa. Mzee akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Akaokota udongo, akausugua kwenye vidole kama anavyofanya kwenye kisima kipya, akasema kwa Kigogo kitu ambacho Kiswahili chake ni karibu na "hata huku". Picha niliyompiga pale ndiyo imewekwa sebuleni, hajui kama anapigwa.

Mykonos hatukuiona. Upepo ulikuwa mkali, nahodha akatangaza tunapita moja kwa moja. Kuna waliofoka kwenye kaunta, lakini mkataba unampa nahodha haki hiyo na kinachorudi ni ada za bandari tu. Tulirudishiwa dola 31. Siku hiyo na iliyofuata tulicheza bao la karatasi nililochora nyuma ya ratiba, kwa vifungo vya shati, na Wafilipino wawili wakajifunza.

Napoli polisi wa mpakani walipanda. Tulipanga foleni na pasipoti zetu. Ofisa alifungua ya Mzee, akatazama ile viza ya kwanza iliyofutwa, akatazama ya pili, akamtazama Mzee. Akagonga muhuri. Mzee akaipuliza wino ikauke, akaniambia, "Hiyo ndiyo mara ya pili, Mwalimu."

Tulipofika nyumbani nilikaa na daftari. Milioni tisa zilikuwa zimekuwa kumi na tatu na ushee. Karibu milioni moja ya hizo ni ule msururu wa viza ya pili: ada, kituo, treni, na soda za yule kijana ambazo nadhani nimezilipia sana. Shamba la zabibu halijapata mbolea ya maana msimu huu.

Wiki iliyopita mama mmoja wa kanisani kwetu alikuja na mumewe. Wanataka kwenda kuhiji, Yordani na Israeli, na fomu zao zimeshajazwa na ofisi fulani, bado kusaini tu. Mzee aliwakaribisha viti, akaenda chumbani, akarudi na miwani yangu na kalamu nyekundu. Nikaanza ukurasa wa kwanza. Kwenye jina la baba tayari kulikuwa na herufi imeruka.